Peni ya Jicho la Kulia

Plymouth,
4 Oktoba 1970

Shangazi Clarice mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiacha mafua ya mke wangu Muriel ambayo kila mwaka huingia pamoja na Oktoba na kuondoka yanapotaka yenyewe. Mimi bado niko palepale, stoo ya bandari ya meli za kivita, nagawa misumari ya Serikali kwa watu wasioshukuru. Mvua ya huku usiulize. Vipi wewe? Na Tibby bado anakamata panya, au paka naye kastaafu?

Sasa nije kwenye neno lililonikalisha mezani. Nilishakuandikia kwamba nakusanya peni za enzi za Malkia Victoria. Muriel anasema huku si kukusanya, ni maradhi, maana zimejaa hadi kwenye bakuli la sukari. Lakini si mimi peke yangu. Tangu watangaze kwamba Februari pesa zetu zote zinabadilishwa, nchi nzima inachungulia chenji yake. Makondakta wa basi hawalipiki tena. Unampa peni, anaigeuza kwanza asome mwaka, ndipo akupe tiketi. Nami nimechongesha fremu yenye kitambaa cha buluu na matundu, kila mwaka na tundu lake. Juu ni peni za fundo, malkia bado kijana, nywele kazifunga kisogoni. Chini ni peni za ushungi, malkia keshakuwa mjane mzee. Matundu yote yamejaa isipokuwa moja, la 1869. Mwaka ule walipiga peni chache, na zilizobaki nyingi zimelika mpaka malkia hana pua.

Shangazi, wewe unayo. Niliiona mama alipofariki. Nilikuwa na miaka tisa, ukanisimamisha kando ya kitanda ukaniambia, "Muage mama yako." Peni mbili zilikuwa juu ya macho yake kuyashikilia yafumbe, na ile ya jicho la kulia iliandikwa 1869. Sijaisahau mpaka leo.

Tarehe 13 Machi chama chetu cha wakusanyaji kinafanya maonyesho ya kuziaga pesa za zamani. Fremu iliyokamilika haikosi kombe. Bwana Pascoe, mwenyekiti wetu, keshaninong'oneza. Naomba unitumie peni hiyo kwa posta, ndani ya bahasha ngumu. Mimi nitakuletea nyingine ya fundo, nzima na nzuri, ukae nayo badala yake. Marehemu hasomi mwaka.

Mwanao,
Norman


Bolton,
19 Oktoba 1970

Norman,

Marahaba. Makaa yamepanda bei, paa la kanisa linavuja juu ya kinanda, na Alice Entwistle wa ng'ambo ya barabara kabanwa na kifua lakini kusengenya hajaacha. Miguu yangu ipo, nimeikalia. Hizo ndizo habari, ingawa wewe uliulizia paka.

Ombi lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani, nikidhani ile ya kwanza macho yamenidanganya. Jibu ni hapana.

Peni zile mbili nilipewa na mama siku niliyomsaidia kuosha maiti yangu ya kwanza, na yeye alipewa na mama yake. Mtaa huu wote umelala chini yake kabla ya kwenda makaburini. Babu yako, baba yako, mama yako, mume wangu Ernest, na yule Hodgkiss aliyenidai makaa hadi siku anakata roho. Ya jicho la kulia ni ya kulia, ya kushoto ni ya kushoto, sizichanganyi. Malkia namlaza kifudifudi amtazame aliyelala, asitutolee macho sisi tunaokunywa chai. Kazi ikiisha nazichemsha, nazisugua kwa siki na chumvi mpaka zing'ae, nazirudisha kwenye kopo la chai. Zinangoja hapo. Yeyote akigonga mlango, ananikuta tayari.

Eti marehemu hasomi mwaka. Kweli, hasomi. Lakini kuna mtoto wake anasimama pembeni anausoma, halafu baada ya miaka arobaini na kitu anaandika barua kuudai. Wewe si ushahidi wa kutosha?

Na kitu kingine. Kama ni 1869 tu unayoitaka, wauza sarafu si wamezijaza madirishani? Kanunue. Au kuna jambo hulisemi?

Zile hazikusanywi, Norman. Zipo kazini.

Mwambie Muriel dawa ya mafua ni vitunguu vilivyochemshwa kwa maziwa, na asizibe pua, anywe.

Shangazi yako,
Clarice


Plymouth,
8 Novemba 1970

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Muriel amekunywa vitunguu. Mafua yamepona, ila tangu siku hiyo hataki kunitazama nikishika maziwa. Pole kwa paa la kanisa. Huku upepo umeng'oa uzio wa jirani ukauleta kwetu, na jirani anataka tumrudishie kama vile tumeuiba.

Shangazi, siki! Chumvi! Nilipofika kwenye sentensi ile ilibidi nikae chini. Sikiliza, nakuomba. Peni ya zamani haisuguliwi. Haioshwi, haifutwi, hata kuipulizia pumzi watu wanaogopa. Ile rangi ya chai iliyokolea ndiyo ngozi yake, imeiota yenyewe kwa miaka mia moja. Ukiisugua umeichuna. Chama chetu kina sheria chache, na ya kwanza ni hiyo. Mwaka juzi mzee mmoja alileta peni aliyoing'arisha kwa dawa ya vitasa, akadhani anatufurahisha. Bwana Pascoe aliishika kwa leso kama mtu anayetoa panya aliyekufa. Mzee hakurudi tena. Kwa hiyo hata kama hunipi, chonde chonde, usiiguse tena kwa siki.

Kuhusu kununua, bei za madukani ni za wendawazimu. Ndiyo hivyo tu, hakuna jingine.

Na sasa nikuulize mimi, usinikasirikie. Unasema zipo kazini. Mara ya mwisho kugongewa mlango ilikuwa lini? Siku hizi watu wanafia hospitali, na kampuni za mazishi zinakuja na gari refu. Kitu kikikaa kwenye kopo bila kutumika, si bora kikae mahali pa kuonekana?

Mwanao,
Norman


Bolton,
2 Desemba 1970

Norman,

Marahaba, na ushindwe.

Theluji imeanguka. Tibby kaingia chini ya jiko na hatoki. Nilikwenda hospitali wakanipapase tumbo, si jambo la kulizungumza. Kuna daktari pale, ndevu hazijamtoka vizuri, ananiita "mpenzi". Nikamwambia, "Kijana, mimi si mpenzi wako, mpenzi wangu yuko makaburini tangu vita, na hata yeye aliniita Bi Clarice mbele za watu." Sasa ananiita Bi Pilling. Afadhali.

Huyo Pascoe wako na leso yake nimemwelewa. Anataka uchafu. Peni imepita viganja vya wachuuzi wa samaki, walevi, watoto wenye upele, miaka sitini au sabini, na uchafu wote huo mnauita ngozi. Sawa, kwenye fremu zenu. Ungetaka niuweke kwenye macho ya mama yako? Hetty aliyekuwa akifua pazia kila Jumatatu? Nilimwosha kwa maji ya moto na sabuni mpya niliyoikatia karatasi siku ileile, nikamchana nywele, nikamvalisha gauni lake la kanisani, halafu nimpachike shaba yenye utando? Thubutu.

Nagongewa mlango. Lini na nani si kazi yako.

Krismasi njoo Bolton, wewe na Muriel. Nitapika nyama na viazi vya tanuri. Kuiona peni ni bure, na nitakuruhusu uishike, mikono ukishanawa.

Shangazi yako,
Clarice


Bolton,
18 Januari 1971

Norman mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi hukuja, ukaleta kadi yenye ndege. Ndege nimemwona, mzuri. Nyama nimekula na Alice Entwistle, na aliyobakiza kala Tibby.

Nasikia watu wa posta wanagoma keshokutwa, kwa hiyo naiwahisha hii. Siwalaumu. Mimi nilisimama nje ya lango la kiwanda cha pamba kabla baba yako hajaota ndevu, nikatukanwa na meneja na farasi wake, na baridi ya kugoma naijua. Wakomae.

Mwanzoni mwa Februari wananipasua. Ni uvimbe tumboni, mkubwa kama chungwa, kwa maneno ya yule daktari. Sikukuambia mapema kwa sababu ungenijibu kwa huruma, na huruma inanipanda kichwani kuliko uvimbe wenyewe. Ukinionea huruma safari hii nitajua hata nikiwa chini ya kisu.

Fungua kitambaa. Hiyo ni peni ya jicho la kulia. Ya kushoto nimeishona kwenye gauni langu la kulalia, niingie nayo hospitali. Mwosha naye huoshwa, Norman, na wote waliokuwa wa kuniosha mimi nimeshawatangulia kuwaosha. Umebaki wewe. Wakikuambia mambo yameharibika, uje nayo. Hospitali wanafumba watu macho kwa pamba iliyolowa, halafu anakuja kijana wa kampuni ya mazishi na glavu, anatazama saa. Sitaki. Nataka uzito wa shaba, malkia kifudifudi, na mtu wa damu yangu asimame pale mpaka macho yatulie.

Nikipona, kaa nayo mpaka maonyesho yenu yapite, halafu uirudishe kwa mkono wako. Si kwa posta.

Uliuliza mara ya mwisho kugongewa mlango ni lini. Ni mwaka sitini na sita, mume wa Alice. Tangu hapo, hakuna hata mmoja. Haya, umejua. Na kopo limekuwa tayari kila siku vilevile.

Nimeisugua. Usinipigie kelele.

Shangazi yako,
Clarice


Plymouth,
16 Februari 1971

Shangazi,

Shikamoo. Posta bado wamegoma, kwa hiyo hii itakaa mezani mpaka wafungue. Jana pesa mpya zimeanza. Muriel alikwenda kununua mkate akarudi na chenji asiyoielewa, akaimwaga mezani akasema nimpangie mimi ninayejifanya mtaalamu. Hata mimi sikuipata vizuri. Peni mpya ni ndogo kama kifungo cha shati.

Umenyamaza tangu Desemba. Hukuandika kabla ya mgomo, na nilikuwa nikingoja kila asubuhi. Krismasi sikuja kwa sababu reli zilikuwa zimeganda, na wewe ungeweza kulielewa hilo bila kununa.

Bwana Pascoe amejitolea kuniazima 1869 ya kwake kwa siku ya maonyesho, yenye rangi nzuri ya chai, na pua ya malkia ipo. Nimekataa. Usiniulize kwa nini. Nitaionyesha fremu na tundu lake wazi, na atakayeuliza nitamwambia nina shangazi Bolton mwenye moyo wa jiwe, anayechuna sarafu za taifa kwa siki na kuzifungia kwenye kopo la chai akisubiri watu wafe.

Baki na kopo lako.

Norman


Plymouth,
11 Machi 1971

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niandikie "marahaba". Neno hilo moja tu, mengine yote nayasamehe.

Posta wamerudi kazini Jumatatu, na leo Alhamisi limekuja furushi lako lenye muhuri wa Januari. Limelala kwenye gunia muda wote huo. Nikakata uzi, nikafungua kitambaa, nikaona peni kabla ya barua. Inang'aa kama kitasa cha benki. Fundo la malkia limebaki kivuli. Nikasema kwa sauti, "Kaiua!" Muriel akaichukua barua, akasoma, akakaa chini, akanipa. Ndipo nikasoma mimi.

Nimepeleka telegramu mchana, hakuna jibu. Simu huna, kwa sababu ulisema simu ni ya watu waliochoka kutembea. Hospitali wameniambia hakuna mgonjwa wa jina hilo wodini. Nilipouliza ametokaje, mama wa simu akaniambia nipige kesho, mwenye habari za Februari keshakwenda nyumbani. Kesho sipigi simu. Kesho napanda treni ya asubuhi. Fremu nimempelekea Pascoe na tundu lake, maonyesho yaende bila mimi. Peni ipo kwenye soksi, soksi ipo mfuko wa koti, na mkono wangu haujatoka humo tangu mchana. Sijui hii namwandikia nani. Lakini nisipoandika nitazunguka meza hadi asubuhi.

Uliuliza kama kuna jambo silisemi. Lipo. Siku ile uliponiambia nimuage mama, sikumtazama. Niliogopa. Nilitazama peni, nikasoma maandishi, nikasoma mwaka, mpaka ukanishika bega ukanitoa nje. Mpaka leo namkumbuka mama kuanzia kidevuni hadi mashavuni, halafu zinaanza peni. Macho sina. Nimepekua peni maelfu, Shangazi, na nimejidanganya kwamba nafuata miaka. Pascoe angenipa 1869 kumi nisingezitaka. Nilitaka ile iliyomgusa.

Na nisikie hili hata kama huwezi. Nimekaa jioni hii nikiitazama ilivyochunwa, hasira ikanitoka ghafla, maana ndivyo ilivyokuwa. Siku ile ilikuwa iking'aa. Chumba kilifungwa mapazia, na mtoto wa miaka tisa aliweza kusoma mwaka kwa sababu wewe ulikuwa umeisugua. Ingekuwa na rangi ya chai, nisingeona kitu.

Kuna barua yangu ya tarehe 16 Februari niliitia posta Jumatatu. Ukiipata, usiifungue.

Norman


Bolton,
23 Machi 1971

Norman mwanangu,

Marahaba. Haya, umelipata neno lako, na mengine nakupa bure.

Telegramu niliiona. Sikujibu kwa sababu wanatoza kwa neno na mimi nilikuwa na mengi. Barua ya tarehe 16 nimeifungua, kwani ulitegemea nini? Imekuja siku uliyoondoka. "Moyo wa jiwe" nimeyakata maneno hayo kwa mkasi nikayabandika juu ya meko, watu wayasome wakija. Na ile ya kwamba nisiifungue nimeiweka chini ya mto, hiyo sibandiki.

Alice Entwistle alikuwa nyuma ya pazia lake akaona kila kitu, kwa hiyo mtaa mzima unajua ulivyofika. Mimi nipo magotini nasugua kizingiti, daktari kanikataza, na wewe unasimama juu yangu, kofia mkononi, uso wa kufiwa, unaniuliza, "Upo?" Nikakuambia, "Hapana, huu ni mzuka wangu, pita na usikanyage palipolowa." Mwanamume wa miaka hamsini na mbili akakaa kwenye kizingiti kibichi na suruali yake ya safari akalia. Alice anasema hajaona burudani kama ile tangu vita viishe.

Kidonda kinafunga. Uvimbe waliutoa, wakataka kunionyesha, nikawaambia nimeshaona mabaya zaidi. Pesa mpya sizitaki. Dukani wanasema shilingi yangu ya peni kumi na mbili sasa ni peni tano, na wananitaka niamini sijaibiwa. Nimemwambia muuzaji nitalipa kwa za zamani mpaka siku ya mwisho, na nitazihesabu polepole, foleni ingoje.

Sasa sikiliza. Uliniuliza ukiwa hapa mara tatu kama nataka chai, na kila mara nilijua unataka kuuliza jingine. Nakujibu kwa maandishi ili usinikatize. Macho ya mama yako yalikuwa ya kijivu, kijivu cha makaa yaliyozima. La kushoto dogo kuliko la kulia. Akicheka, la kushoto lilifumba kabisa na la kulia likabaki wazi linakutazama, mtu akadhani anamkonyeza. Kwa sababu hiyo kasisi hakumpenda. Siku ile la kulia ndilo lililokataa kufumba. Nililishikilia kwa kidole nikisema naye, nikamwambia, "Hetty, mtoto nitamwangalia," ndipo nikaweka peni na likatulia. Nimeyafumba kwa mkono wangu, kwa hiyo usimwulize mtu mwingine.

Nilipokwenda kuchota chai jana nimekuta peni mbili kwenye kopo. Umeisahau ya kulia. Umeifuata nusu ya maisha yako, halafu unaisahau kwenye majani ya chai? Sema niitume. Safari hii naiamini posta.

Kombe kachukua nani?

Shangazi yako,
Clarice


Plymouth,
4 Aprili 1971

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kombe kachukua mtu wa Exeter mwenye shilingi za fedha. Yangu walisema ni kazi nzuri isiyokamilika, na Pascoe kanipa mkono wa rambirambi. Muriel kaoka keki hata hivyo, kaandika juu yake 1869 kwa sukari, nimekula hadi namba ya tisa.

Barua yako niliisomea stoo, nyuma ya makasha, nikatoka macho mekundu nikawaambia vijana ni vumbi. Kijivu cha makaa yaliyozima. Nimekwenda kwenye meko letu kutazama. Jana Muriel alinikuta nafumba jicho la kushoto mbele ya kioo, akauliza nina nini, nikamwambia namtafuta mtu.

Peni sikuisahau. Iache hapo ilipo. Uliponilaza kwenye kochi Jumapili ile ukanifundisha zinavyowekwa, kwamba kwanza kidole, halafu neno, halafu shaba, na mkono usiondoke haraka, nilizihisi zote mbili zikipoa juu yangu. Nikajua hiyo si ya kutiwa kwenye tundu. Siku ikifika nitakuja nikuwekee mwenyewe, na wa glavu atasubiri nje. Lakini usifanye haraka.

Mwanao,
Norman


Bolton,
31 Agosti 1971

Norman mwanangu,

Sijambo, na habari ya leo ni moja.

Alice Entwistle amefariki alfajiri, kitandani kwake. Gari la hospitali lilikuja jana akalirudisha kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya nyumba hii. Bado naandika huku nikisikia kama atagonga kunisimulia.

Aliyegonga ni Jean, binti yake, na aproni kaivaa juu ya gauni la kulalia. Hakunisalimu. Alisema, "Bi Clarice, bado unazo peni zako?"

Nikamwambia, "Umechelewa kuuliza, maji nimeshabandika," maana taa yao niliiona ikiwaka.

Nimemwosha. Mgongo umenikataa mara mbili nikaulazimisha. Jean alinishikia beseni, na nilipofika usoni nikamwambia asitazame peni, amtazame mama yake kwanza, amtazame vizuri, ndipo nitaweka. Akamtazama mpaka alipotosheka. Hilo nimejifunza kwako, na si kawaida yangu kujifunza kwa watoto.

Kampuni ya mazishi ikaja saa nne na yule kijana wa glavu. Akaniambia, "Bibi, tutaendelea sisi." Nikamwambia, "Utaendelea nikimaliza. Kaa pale, unywe chai, na vua hizo." Akakaa. Akavua. Alikuwa na mikono mizuri tu. Akarudi zake, Alice atamchukua kesho.

Redio imesema leo ndiyo mwisho. Kuanzia kesho peni za zamani si pesa tena, hakuna duka litakalozipokea. Ninapoandika hii zipo juu ya macho ya Alice, na nitaziondoa asubuhi. Nimeziweka zikiwa pesa, nitaziokota zikiwa si kitu, kwa hesabu yao. Nimekwenda sasa hivi kumtazama. Uzito ni uleule, na macho yamefumba.

Siki ninayo ya kutosha.

Shangazi yako,
Clarice


Plymouth,
12 Septemba 1971

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na poleni mtaa mzima. Muriel anakuletea kitambaa cha meza, nami nakuletea miguu yangu Jumamosi, kwa hiyo usisugue kizingiti kabla sijafika, nitasugua mimi.

Chama kimeitundika fremu yangu ukumbini ikae hapo. Bwana Pascoe alinifuata na ile 1869 yake kwenye leso, akasema aibu ya tundu lile inatosha sasa, tuzibe, au fremu ishuke. Nikakata kikadi, nikaandika kwa wino mweusi, nikakipachika chini ya tundu. Kinasema: 1869. Ipo kazini.

Pascoe kaweka miwani, kasoma, kaniuliza maana yake nini, peni hizo si zimekufa tangu tarehe thelathini na moja? Akaniamuru nikitoe. Nikamwambia akitoe yeye, kama anathubutu, halafu aje Bolton akueleze wewe kwa nini.

Hajakitoa.

Mwanao,
Norman